Chakol, Kabla Mji Haujafika

Ukipanda matatu Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, kuelekea Malaba, ukaipita Alupe na kukaribia Adungosi, utaona kando ya barabara kitu ambacho vitabu vya mipango miji kwa kawaida hukieleza kikiwa kimeshapita: mji unaoanza. Haujawa mji bado. Ni shamba la mihogo lenye kibao cha "ploti zinauzwa". Ni duka la mabati lililogeuziwa lami uso. Ni msingi wa vyumba kumi vilivyopangwa mfululizo kama mabehewa, na bikoni tatu zilizopakwa chokaa ili mnunuzi azione kutoka barabarani. Nyuma yake mashamba yanaendelea, na yale mawe makubwa ya Uteso yamekaa palepale yalipokuwa kabla ya yeyote kuuza chochote. Watoto wanaosoma chekechea hapa leo watakuja kupaita mtaani. Utakuwa mtaa wa namna gani ni jambo linaloamuliwa sasa hivi, ploti moja baada ya nyingine, na watu ambao hakuna aliyewaambia kwamba wanaamua.

Nimekuwa nikisoma historia ya mipango miji na biashara ya ardhi na nyumba, kuanzia Berlin na Frankfurt hadi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na kila ninapofunga kitabu mawazo hurudi kwenye ukanda huu wa Chakol. Waandishi wa vitabu hivyo hawakubaliani kwa mengi. Lakini wote, wakitaka wasitake, wanaonyesha jambo moja: nyumba hubomolewa na kujengwa upya baada ya kizazi kimoja au viwili, ilhali mstari wa njia na mpaka wa ploti ukishachorwa hukaa karne nzima. Anayechora mstari wa kwanza ndiye mpangaji wa mji, hata kama ni mzee aliyetaka tu kuuza robo eka ili mjukuu wake aingie kidato cha kwanza.

Kaunti ya Busia ilikuwa na watu 893,681 katika sensa ya 2019, yaani watu 527 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kaunti ndogo ya Teso Kusini, ambako Chakol Kaskazini na Chakol Kusini ni wadi mbili kati ya sita, ilikuwa na watu 168,116. Kwa jamii inayoishi kwa mihogo, mtama, mahindi na tumbaku, huo ni msongamano mkubwa. Shamba lililomtosha babu haliwatoshi wajukuu, na mjukuu asiyetoshwa na shamba ama huenda kupanga chumba mjini ama huuza kipande chake kwa anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha. Njia zote mbili zinaishia kwenye mji.

Kitabu kilichonikaa zaidi ni cha Marie Huchzermeyer, Tenement Cities, kilichotoka mwaka 2011. Mwandishi anaweka Berlin ya karne ya 19 na Nairobi ya siku hizi kando kwa kando. Mwaka 1862 mhandisi James Hobrecht alichora mpango wa kuipanua Berlin. Alichora barabara kuu pana na viwanja vya umma, kisha sehemu ya ndani ya kila kipande akawaachia wenye ardhi. Kanuni ya ujenzi ilidai kwamba ua wa ndani uwe na mita 5.34 kila upande, nafasi ya kutosha pampu ya zimamoto kugeuka. Wenye ploti wakajenga hadi ukomo wa ruhusa hiyo: nyumba ya mbele, ua, nyumba ya nyuma, ua tena, na nyumba nyingine nyuma yake. Familia za wafanyakazi wa viwandani zikabanana katika chumba kimoja au viwili, mwanga ukiwafikia kupitia uwazi uliokadiriwa kwa ajili ya pampu.

Majengo ya aina hiyo yaliyosalia Berlin leo yanapendwa, na kodi zake ziko juu. Vyumba viliunganishwa, maji na vyoo vikaingizwa ndani, majengo mengine ya nyuma yakaondolewa. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu barabara za Hobrecht zilikuwa zimeshakaa nje, pana, zikingoja mabomba, miti na magari ambayo hayakuwa yamebuniwa alipozichora. Huruma na Pipeline kule Nairobi, ambazo Huchzermeyer anazichunguza kwa makini, zina maghorofa marefu kuliko yale ya Berlin juu ya njia nyembamba kupita kiasi. Ghorofa lililokosewa unaweza kulirekebisha. Njia ya mita sita iliyozingirwa na maghorofa ya orofa saba huirekebishi bila kumhamisha mtu, na anayehamishwa kwanza ni mpangaji.

Historia ya Nairobi yenyewe inaonyesha nini hutokea mpango unapochagua wa kumhudumia. Mji ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Mwaka 1913 Profesa William Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, na mapendekezo yake yakawa kutenganisha makazi ya watu kwa rangi, kana kwamba tauni husoma ngozi. Waafrika hawakuhesabiwa kuwa watu wa mjini, basi wakajijengea. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, anaeleza jinsi wanawake waliojitafutia riziki kwa kazi ambazo jamii iliwadharau kwazo walivyojenga nyumba Pangani na Pumwani, wakapangisha vyumba na kuacha mali kwa warithi waliowachagua wenyewe. Hao ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza kumiliki nyumba za kupangisha katika mji huo, na vitabu vya biashara ya nyumba nchini Kenya vingepaswa kuanza na wao. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wenye nyumba wakahamishiwa Shauri Moyo. Hawakuwa na mstari wowote kwenye ramani ya serikali wa kuwatetea.

Chakol haina Simpson wala ubaguzi wa aina ile. Ina mpaka, na mpaka unaujenga mji kwa njia ambayo nadharia zilizoongoza mipango ya Kenya hazikuizingatia. Walter Christaller, mtaalamu wa jiografia aliyeandika mwaka 1933 kuhusu kusini mwa Ujerumani, alifundisha kwamba mji hulishwa na mashamba yanayouzunguka: mkulima huja sokoni na hospitalini, na ukubwa wa mji hutegemea wingi wa wanaoufikia. Mpango wa Maendeleo wa Kenya wa 1970 hadi 1974 ulifuata mantiki hiyo na kuorodhesha vituo kwa ngazi nne, kuanzia miji hadi vituo vidogo vya vijijini, kila ngazi na huduma zake. Ni mantiki nzuri kwa tambarare isiyo na mpaka. Busia na Malaba zimekua kwa kukaa juu ya mstari ambapo watu na mizigo lazima wasimame.

Reli ya Uganda ilivuka Malaba kwenda Tororo mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1931 ikafika Kampala. Kwa miongo kadhaa shirika moja la reli lilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na reli yake, na Malaba ikawa mahali pa kukabidhiana mabehewa. Miaka hiyohiyo utawala wa Idi Amin ulikuwa umeuvuruga uchumi wa Uganda, na baridi kali iliyoangamiza mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilikuwa imeipandisha bei ya kahawa duniani. Kahawa ya Uganda ikavushwa kwa magendo, Chepkube kule kwenye miteremko ya Elgon ikapata jina, na mpaka mzima ukajifunza biashara ambayo haikuwahi kukoma kabisa. Pesa isiyoweza kuelezwa mbele ya meneja wa benki hupenda kutulia kwenye saruji. Sehemu ya historia ya nyumba za mipakani iko hapo, na haiandikwi kwa sababu waliozijenga hawakuweka risiti.

Lakini kilichojenga zaidi kuliko magendo ni kungoja. Dereva wa trela anayengoja stakabadhi anahitaji chumba cha lojing'i, chakula, mtu wa kumlindia gari, na mtu wa kumbadilishia shilingi ya Kenya kwa ya Uganda. Taniboi anahitaji godoro. Wakala wa forodha anahitaji ofisi, meza, mashine ya kutolea nakala, na nyumba ya familia. Uwazi kati ya lango la Kenya na lango la Uganda ulikuwa mrefu kiasi cha kuwapa vijana wenye baiskeli kazi ya kuvusha watu na mizigo, na usafiri ule ukasambaa hadi Afrika Mashariki nzima. Kila saa iliyoongezeka kwenye foleni ilikuwa chakula cha mtu. Nyuma ya maduka ya Malaba na Busia vikasimama vyumba vya kupangisha, na kodi yake, ukiifuatilia hadi chanzo chake, ililipwa na ucheleweshaji.

Kisha ucheleweshaji ukaanza kuondolewa, na ilikuwa haki uondolewe. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki zilianza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha, ambapo mizigo ya Uganda inalipiwa na kukamilishiwa taratibu ikiwa bado Mombasa. Kazi nyingi za mawakala zikahama pamoja na karatasi zake. Tarehe 24 Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambako msafiri anashughulikiwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Malaba nayo ina kituo cha aina hiyo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulirudisha foleni, malori yakajipanga kwa makumi ya kilomita yakingoja majibu ya vipimo. Januari 2022 masharti mapya ya upimaji upande wa Uganda yakairudisha tena. Foleni hizo ziliwatesa madereva, na sitamani zirudi. Nataka msomaji aone tu jinsi thamani ya ploti iliyoko Malaba inavyoweza kupanda na kushuka kwa uamuzi uliofanywa Mombasa, Arusha au Kampala, bila mwenye ploti kuulizwa.

Ndiyo maana mji wa sasa unatambaa kuelekea Chakol badala ya kulundikana langoni. Anayejenga leo kando ya barabara ya Busia na Malaba hatarajii dereva aliyekwama peke yake. Anatarajia mwalimu, muuguzi, mhudumu wa kaunti, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alupe kilichopata hati yake mwaka 2022, na mfanyabiashara wa Busia asiyeweza tena kumudu kodi ya mtaa wa Burumba. Hawa ni wapangaji wa kudumu. Wanahitaji maji, shule, choo kinachonyonywa, na njia ambayo gari la wagonjwa linaweza kuingia usiku wa mvua. Kwa mara ya kwanza katika historia yake ukanda huu unapata wapangaji waliokuja kukaa. Ni bahati ambayo miji mingi ya mpakani haiipati, na inastahili kuandaliwa mahali.

Nieleze inavyofanyika. Siku ya kupima ploti huja mpima ardhi na msaidizi wake, tepu ndefu, vigingi, na nondo fupi zitakazosimikwa kwenye zege. Mzee wa kijiji yupo. Majirani wa pande zote wapo, kwa kuwa asiyekuwepo leo atakuwa na kesi kesho. Mpaka wa zamani ni safu ya mkonge, na pale mkonge ulipokufa kila mtu anakumbuka mahali tofauti. Shamba linakatwa vipande vya hamsini kwa mia, futi zile zile zinazouzwa Kenya nzima, ambazo watu huziita thumuni ya eka ingawa ukizipima hazifiki. Kisha linakuja suala la njia. Mpima anasema zingeachwa mita tisa katikati ili kila ploti ifikike.

"Kijana wangu, hiyo yote inatoka kwangu?" mwenye shamba anauliza.

"Mzee, usipoiacha, wa nyuma atapitia wapi?"

"Apite. Pikipiki inahitaji kiasi gani?"

Inakubaliwa mita tatu. Mwaka unaofuata jirani wa mashariki naye anauza, naye anaacha mita tatu, lakini mwisho wa shamba lake ambao haukutani na njia ya kwanza. Baada ya miaka michache kuna familia ishirini zilizonunua kihalali na kulipa taslimu, zinazofika nyumbani kwa kupita ubavuni mwa choo cha mtu. Na choo chenyewe ni cha shimo, hakiwezi kwenda chini kwa sababu mwamba uko karibu, na kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka hapo kwa kuwa ploti ya hamsini kwa mia haina pa kuvitenganishia. Hakuna mwovu katika hadithi hii. Mzee alihitaji karo. Mpima alitoa ushauri. Wanunuzi walitafuta nafuu. Kila kipande ni halali, na jumla yake ni mtaa ambao hautawahi kupitika.

Sheria zilizopo zilitungwa zikitazama mahali pengine. Mpango wa Roger Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kumpa mkulima Mwafrika hati ya mtu mmoja ili alime kisasa na kukopa. Upimaji wa ardhi ukaenea sehemu za magharibi hasa baada ya uhuru, ukisukumwa na Sheria ya Kusajili Ardhi ya 1963 na ile ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya 1968. Ramani zake zilichora mipaka ya jumla, ua na mkonge, na zilitosha kwa mashamba. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 ikaunda bodi za kuidhinisha kila uuzaji wa ardhi ya kilimo, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita baada ya mapatano. Bodi hiyo imeokoa familia nyingi. Mama na watoto walioachwa nje ya mapatano wamewahi kusimama mbele yake na kusikilizwa. Lakini swali iliyozoea kuuliza ni kama familia itabaki na pa kulima. Barabara ya mji wa mwaka 2050 itapita wapi si swali lake.

Sheria ya Mipango ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996, inataka kaunti iidhinishe ugawaji wa ardhi na iwe na mipango ya maeneo. Idhini hutolewa kipande kwa kipande. Pasipo ramani ya ukanda mzima, afisa aliye makini kabisa hana cha kulinganisha ombi lililo mezani kwake, na mita tatu zinapita. Wengi hata hawafiki mezani hapo. Hati bado ina jina la babu aliyefariki, mirathi haijafunguliwa, na ploti inauzwa kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi. Nyumba inasimama, kizazi cha pili kinazaliwa ndani yake, na kwenye ofisi ya ardhi lile shamba bado ni shamba zima.

Hernando de Soto alisema katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba hati ingewafungulia maskini mtaji uliolala. Serikali nyingi zilimwamini. Parker Shipton, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Waluo, majirani wa kusini wa kaunti hii, alichapisha mwaka 2009 kitabu kinachoonyesha upande wa pili: hati ina jina moja, lakini shamba lina makaburi, na benki ikitaka kuliuza shamba lenye makaburi inakutana na ukoo mzima. Mashamba ya Waiteso, wenyeji wa Chakol, nayo yana makaburi ya wazee. Kwa hiyo sizungumzii Chakol kama bidhaa inayongoja soko. Nazungumzia mahali ambapo watu wamezikana, na ambapo mji utakuja juu ya hayo yote.

Mfano wa karibu unaonitia hofu zaidi ni Kampala. Chini ya wakoloni kulikuwa na miji miwili ubavu kwa ubavu: manispaa ya Kampala, iliyochorewa mipango na A. E. Mirams mwaka 1930 na Ernst May katikati ya miaka ya 1940, na Kibuga cha Mengo, makao ya Kabaka, chini ya sheria za Buganda na ardhi ya mailo iliyotokana na mkataba wa mwaka 1900. Wachoraji wa mipango ya manispaa waliishia kwenye mpaka wao. Wafanyakazi wa manispaa walilala upande wa pili, katika vyumba vilivyojengwa na wenye mailo na wapangaji wao. Peter Gutkind alikieleza Kibuga hicho mwaka 1963. Sehemu hizo ziliunganishwa mwaka 1968, vyumba vikiwa vimeshajengwa na njia zikiwa zimeshabanwa, na Kampala ingali inalipia mstari ule. Busia ina mistari ya namna hiyo miwili. Mmoja ni wa nchi: Busia ya Kenya na Busia ya Uganda ni soko moja, mitaa inayotazamana, watu wanaooana na kuzikana, na ofisi mbili za mipango zisizo na ramani moja. Mwingine ni wa ndani, kwa kuwa mji wa Busia wenyewe uko kaunti ndogo ya Matayos ilhali kingo zake zinamwagika Angorom, ndani ya Teso Kusini. Mpango wa manispaa unaoishia pale eneo la manispaa linapoishia utaiacha Chakol ijipange yenyewe, jinsi Kibuga kilivyoachwa.

Upo pia mfano unaonipa moyo, nao uko Tanzania. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kwa mikopo ya Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja kwenye ardhi iliyokuwa karibu tupu pembezoni mwa miji: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam, na maeneo mengine mikoani. Haikujenga nyumba. Iliweka barabara, maji na mipaka, kisha watu wakajijengea. Kwingineko mradi huohuo ulirekebisha mitaa iliyokwisha kujengwa ovyo. Guy Michaels na wenzake walirudi kupima matokeo katika miji saba, na mwaka 2021 wakachapisha walichokikuta: zaidi ya miaka thelathini baadaye, maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa na majengo makubwa na bora, njia zilizonyooka na ardhi yenye thamani kubwa zaidi kuliko mitaa iliyorekebishwa baadaye. Anayeijua Sinza atasema ina foleni, kelele na baa nyingi. Ni kweli. Lakini gari la taka linaingia Sinza.

Kenya ilifanya kitu cha jinsi hiyo Dandora kuanzia mwaka 1975, viwanja 6,000 vyenye maji na vyoo. Wengi waliopewa walijenga na kupangisha, wengine wakauza, na wachambuzi wakalalamika kwamba maskini waligeuka landilodi. Mimi sioni kosa katika hilo. Mwanamke wa Dandora aliyesomesha watoto kwa kodi ya vyumba vinne aliutumia mradi vizuri kuliko walivyotarajia waliouandika.

Shlomo Angel, mtaalamu aliyetumia maisha yake kuchunguza ukuaji wa miji, anapendekeza hatua ndogo kuliko zote: kabla mji haujafika, zitengwe njia kuu peke yake, mtandao wa barabara zenye upana wa mita 25 hadi 30, zikiwa zimeachana kwa takriban kilomita moja. Si lazima zitiwe lami. Zisijengwe tu. Hawassa, Adama, Mekelle na Bahir Dar kule Ethiopia zimejaribu njia hiyo. Ethiopia, hata hivyo, ardhi ni ya serikali. Chakol ardhi ni ya watu, na watu hao wana sababu ya kutoamini. Tume ya Paul Ndung'u ilionyesha mwaka 2004 jinsi ardhi iliyotengwa kwa shule, masoko, misitu na barabara ilivyogawiwa wenye nguvu. Mzee wa Chakol anayekataa kuacha mita tisa anakumbuka vizuri. Ameona ardhi ya umma ikiwa ya mtu, na anashuku kwamba njia anayoiacha leo itakuwa ploti ya mheshimiwa kesho. Anayetaka kumshawishi aanze na shaka hiyo, na asiiite ujinga.

Kuna namna ya kugawana mzigo ambayo imejaribiwa kwingine. Mwaka 1902 meya wa Frankfurt, Franz Adickes, alifanikiwa kupata sheria iliyoruhusu mashamba ya wamiliki wengi kukusanywa, njia zichorwe, kisha kila mmoja arudishiwe kipande kilichopungua eneo lakini kinachofikika na chenye thamani zaidi. Japani imelitumia wazo hilo kwa upana. Kinachonivutia ni kwamba hakuna mmoja anayebeba barabara yote. Chakol ina kitu ambacho Frankfurt haikuwa nacho: majirani wengi ni wa ukoo mmoja au wameoleana, na huketi pamoja kwa mazishi na mahari. Watu kumi na watano wenye mashamba yaliyopakana wanaweza kukubaliana njia ipite mpakani mwa wote, kila mmoja akitoa mita nne na nusu, iandikwe kwenye ramani ya ofisi ya ardhi kabla ya bikoni ya kwanza kuuzwa, na isajiliwe kuwa ya umma ili mheshimiwa asiiguse.

Pale njia kuu italazimika kukata shamba la mtu mmoja kuliko wengine, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 40 inataka fidia ya haki ilipwe upesi, na Sheria ya Ardhi ya 2012 inaeleza utaratibu. Haifai fidia hiyo iwe ahadi. Mjane mwenye eka moja na nusu karibu na barabara, ambaye kila hamsini kwa mia ni muhula wa shule ya sekondari, asiombwe kuutolea mji wa watu wengine shamba lake kwa uzalendo. Alipwe kwanza, kisha vigingi viwekwe. Na rasimu ya ramani ibandikwe kwenye baraza la chifu, ielezwe kwa Kiteso na Kiswahili, watu waonyeshe kwa kidole yalipo makaburi, chemchemi, uwanja wa mpira na mawe yasiyovunjika, ili mchoraji aipindishe barabara panapohitajika kabla ya mtu yeyote kupiga nondo ardhini.